Mwizi Niliyemkamata Msituni kwa Mkwe

Ejok, salamu kwenu wote wa Lodwar na Kakuma. Leo nimejivua nguo mchana peupe. (Suti nilikuwa nimevaa. Nasema nguo za heshima.)

Mnajua niko Uingereza. Nimekuja kumwona Akiru, binti yangu wa kwanza, yule nesi. Amepata mchumba huku, kijana Mwingereza anaitwa Daniel. Akiru anataka harusi ifanyike kwetu Lodwar, mwezi wa Desemba. Daniel amekubali. Mama yake amekubali. Aliyebaki ni Baba Daniel. Mzee huyo amesomasoma habari za Turkana kwenye simu, bunduki na jua tu, akasema hapandi ndege mpaka aone kwanza sisi ni watu wa namna gani. Leo jioni ndiyo nilikuwa nimealikwa kwake kunywa chai, tuonane mara ya kwanza. Kwa hivyo harusi yote ilikuwa inaningoja mimi.

"Baba, tafadhali," Akiru aliniambia jana. "Usiwahoji watu kama polisi."

Nikamwambia atulie. Mimi nilianza na mkokoteni wa maji Kakuma. Leo nina duka la hadwea Kakuma, jingine Lodwar, na lori. Nimeuzia Msomali, Mkongo, Mrundi, wote wakaondoka wakicheka. Darasa la nne nililoishia limenitosha. Mzee mmoja wa kijijini ataniweza?

Sasa, Akiru alikuwa ameniambia Baba Daniel ana msitu wake mwenyewe. Msitu wa mtu mmoja. Nikashuku. Mtu akisema ana ng'ombe, unaenda zizini unawaona kwa macho. Basi asubuhi, Akiru akiwa bado amelala, nikavaa suti yangu ya kijani, nikatoka peke yangu kwenda kukagua.

Msitu wenyewe ukisimama upande huu unaona kanisa upande ule. Mbuzi wa mama yangu wangeumaliza kabla ya mchana. Mlangoni kuna kigeti cha mbao, hakina kufuli. Nikashuku. Miti haina hata jani moja, kama kwetu wakati wa kiangazi, lakini chini ni matope mpaka kwenye kifundo. Mvua ipo, majani hayapo. Hiyo nayo mnaielewaje? Na kinyesi cha mbuzi hakuna. Cha ng'ombe hakuna. Watu wanafanya nini humu ndani kama hawachungi?

Nikakutana na mama mmoja na mbwa wake. Akanisalimia na hanijui. Mbwa akajisaidia. Yule mama akainama, akaokota kile kinyesi, akakifunga kwenye kifuko kizuri, akaenda nacho. (Nilimwangalia mpaka akapotea. Hapo kuna biashara, na hawataki tuijue.)

Nikaingia ndani zaidi. Ndipo nikasikia msumeno.

Nikajificha nyuma ya mti. Nikachungulia. Mzee mmoja, ndevu za wiki nzima, suruali imechanika gotini, kofia ya sufu yenye matundu. Anakata miti. Tena mibichi, anaikata karibu kabisa na ardhi, anaacha vishina tu. Kando ameshapanga fito, zimenyooka, za kipimo kimoja. Mimi nauza fito, nikiziona najua. Huyo hakuwa anatafuta kuni za chai. Huyo alikuwa na mteja.

Nyinyi watu wa Turkwel mnanielewa. Miti ya kando ya mto ina wenyewe. Kila boma lina ekwar yake, kipande chake cha miti, kutoka kwa babu mpaka kwa mtoto. Hata maganda ya mbegu ya kulisha mbuzi huokoti bila kumwambia mwenyewe. Ukiangusha mti mbichi wa mtu, wazee wanakaa na mbuzi wanachinjwa. Na sasa mimi nimemkuta mwizi ndani ya ekwar ya mkwe wangu. Nipite tu kama sijaona? Kisha jioni nikanywe chai yake?

Tena nikawaza, hii ni bahati. Baba Daniel anataka kujua sisi ni watu gani. Atajua leo.

Nikaruka nikamnyang'anya msumeno. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha dukani, mwenye msitu huu ni nani.

Akajigusa kifua. Ni yeye.

Kila mwizi husema hivyo. Nikamwambia mimi namjua mwenyewe, ni mkwe wangu, na picha yake nimeiona. (Kwenye picha amenyoa, amefunga tai.) Hapo yule mzee akaniangalia, kuanzia viatu mpaka kichwa. Akaanza kutabasamu. Akasema maneno mengi haraka haraka, sikupata hata moja. Mwizi anayetabasamu mbele ya suti ni mwizi mzoefu, nikazidi kumshuku.

Nikamshika mshipi kwa nyuma, namna ile ya polisi wetu, mpaka suruali ikapanda. Nikambebesha gogo begani, ndiyo ushahidi. Twende.

Njiani tukakutana tena na yule mama wa mbwa. Akamwita, "Martin!" na kumwuliza jambo. Mzee akamjibu, wakacheka wote wawili. Nikasema moyoni, kumbe ni sugu, kijiji kizima kinamjua kwa jina. Na huyo mama bila shaka ni mwenzake. Nikakaza mshipi.

Nyumba ya mkwe nilikuwa nimeonyeshwa jana. Nikagonga mlango kwa ule msumeno. Akafungua mama mzungu, Mama Daniel mwenyewe. Akaangalia gogo. Akaangalia mshipi. Akaniangalia mimi. Nyuma yake wakatokea Daniel na Akiru, kumbe walikuwa wananitafuta.

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti ya baraza, "Mwambieni Baba Daniel atoke. Mwizi wake nimemleta."

Akiru akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akasema polepole, vile anavyoongea na wagonjwa.

"Baba. Mwachilie Baba Daniel."

"Baba Daniel sijui yuko wapi, mama. Huyu ni mwizi."

"Huyo uliyemshika mshipi. Ndiye."

Jamani, mkono ulikataa kufunguka. Nilikuwa naushika ule mshipi kama mtu aliyening'inia kwenye mwamba. Daniel ndiye aliyenifungua vidole, kimoja kimoja.

Chai tukanywa asubuhi hiyo hiyo, mimi na matope mpaka magotini. Nikaelezwa kwamba huku mti unakatwa wakati wa baridi, na kishina kinachipua upya, fito nyingi kuliko za mwanzo. (Bado nashuku. Wakati wa majani nitaomba nitumiwe picha.) Mama Daniel akafuta matope yangu sakafuni. Akiru alikuwa anaangalia kikombe, na machozi nikayaona. Nikajua harusi ya Lodwar nimeizika kwa mkono wangu huu huu.

Baba Daniel akakoroga chai. Kisha akasema, Akiru akitafsiri:

"Nilimjua pale aliposema mkwe. Kijiji hiki hakina mtu mwingine wa suti ya kijani."

Nikamwuliza, sasa kwa nini hakuniambia?

"Nilikuambia ni wangu," akasema. "Ukanibebesha gogo."

Mama Daniel ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. Akiru akafuata, anacheka na kufuta macho. Mzee akangoja wanyamaze. Akasema alikuwa anaogopa kuja kwetu kwa sababu hakujua nani atamlinda huko. Kama mimi naweza kumpigania mkwe ambaye sijawahi kumwona, tena kwao, basi kwangu atalala usingizi. Anakuja Desemba.

Mpaka sasa sijui kama hiyo ni sifa au ananizunguka. Nimemwomba Akiru anitafsirie tena, amekataa.

Ila mzee ametoa sharti moja. Siku ya harusi, baada ya keki, apewe maikrofoni, ana kitu kidogo cha kuwaambia watu wa Lodwar.

Ndiyo maana nimewahi kuwaambia mimi. Chekeni yote leo, mmalize. Desemba nataka kimya.