Kofia ya Twyla Kilimani

Jumamosi, 2 Septemba

Katika Montana nzima hakuna anayenyata kama mimi. Paka wa shangazi hunitazama nikivuka jikoni, halafu anajaribu mwendo wangu akidhani simwoni. Hawezi. Siku niliyoacha shule mwalimu wa hesabu alitokwa machozi. Ya huzuni, nadhani.

Leo msimu wa kuwinda kwa upinde umefunguliwa! Mezani Mjomba Orville katangaza kwamba safari ya kambi ya mlimani ina tandiko moja tupu. Farasi yupo, mtu hayupo. Mimi kila mwaka naachwa kulisha kuku. Sasa ama ni langu, ama ni la binti yake Twyla: atakayetangulia kumwangusha kulungu dume kwa mshale, kwa kumnyatia kwa miguu, ndiye atakayepanda. Twyla, mdomo umejaa viazi, kaniambia ndoo ya kuku imeanza kunililia. Nikamjibu aizoee mwenyewe, ina mpini mgumu.

Sharti la mjomba: tuwinde pamoja. Mmoja ananyata, mwenzake anakaa kilima cha pili na darubini, anamwelekeza kwa kofia. Simu na redio sheria haitaki. Kofia ikinyooshwa kulia, nenda kulia. Kushoto, kushoto. Ikipandishwa juu kabisa, dume amesimama, vuta upinde!

Maana dume akilala humpigi. Unamsubiri ainuke. Anaweza kulala nusu siku, na wewe tumbo chini.

Jumapili, 3 Septemba

Tumepiga kura kwa kuvuta nyasi. Twyla kapata ndefu, kaanza yeye. Sikununa. Nilikuwa na kofia.

Dume alilala chini ya ukingo wa udongo, pembe zimetokeza kama kichaka kikavu. Twyla kavua buti, kaingia kwa soksi, kama inavyotakiwa ili asisikike. Anatembea vizuri, lazima niseme. Anaweka kidole kwanza, halafu unyayo, kama anaonja maji ya kuoga. Akanitazama kwa darubini yake ndogo.

Nikanyoosha kofia kushoto. Dume yuko kulia.

Akaenda kushoto bila hata kusita! Upepo ukamjia mgongoni, ukabeba harufu yake hadi puani mwa dume. Kulungu wetu hawa wenye masikio marefu kama ya punda hawakimbii kama wengine. Wanaruka miguu yote minne kwa pamoja, kama mpira. Nimejiuliza siku zote kwa nini. Leo nimeangalia hadi akaishilia, na bado sijui.

Twyla karudi na buti mkononi. Nikamweleza kuwa jua lilinipiga machoni. Kasema jua lilikuwa mgongoni mwangu. Nikasema basi lilipenya kisogoni. Akasema, "Haya, Dewey. Kesho zamu yako." Basi! Na kwa baba yake hakusema neno.

Sipendi hivyo. Mimi ningesema. Kuna kitu anapika.

Jumatatu, 4 Septemba

Zamu yangu. Dume mkubwa kuliko wa jana, kalala nyuma ya jiwe kubwa katikati ya mteremko. Nikangoja jua lipashe ardhi, hewa ianze kupanda na harufu yangu, ndipo nikashuka kutoka juu. Nani kanifundisha? Mjomba. Ila nimeiboresha.

Soksi. Miiba ya mpungate. Nililia bila sauti, jambo ambalo pia nalifanya vizuri.

Nikafika kwenye jiwe! Yeye upande ule, mimi upande huu. Nikichungulia tu, ataniona. Nikaweka sikio kwenye jiwe. Namsikia akicheua! Anatafuna, anameza, kimya kidogo, kitu kinapanda tena shingoni, anatafuna tena. Nilitaka kujua anatafuna mara ngapi kabla ya kumeza. Nikapoteza hesabu. (Mwalimu asingeshangaa.) Mshale uko kwenye uzi, na mimi nawaza kama kulungu huota ndoto.

Kutafuna kukakoma.

Nikatazama kilima cha pili. Twyla kapandisha kofia juu kabisa.

Ahaa! Ndiyo hiyo aliyokuwa anaipika! Anataka niinuke dume akiwa bado kalala, anione, aruke kama mpira. Nikacheka kimoyomoyo. Nikajilaza zaidi.

Akaipunga. Nikatulia. Akaipunga kwa mikono miwili. Akavua koti, akapunga na koti. Akawa anarukaruka huko juu kama mtu aliyekalia siafu. Anaigiza vizuri, nikawaza, ila mimi simo.

Mwishoni akakaa chini, akavaa kofia yake.

Hapo nikachungulia. Nyasi zimelala, umbo la kulungu limechorwa ndani yake. Nikaweka kiganja. Pana joto, kama kiti alichotoka mtu sasa hivi. Nikapanusa pia. Harufu ya majani na mbuzi.

Twyla kasimulia jikoni kwamba dume aliinuka, akajinyoosha, akakojoa, akasimama ubavu wazi akila majani. Kaniuliza nilikuwa nasubiri nini, dume anitie saini mgongoni? Nikasema nilikuwa nachunguza.

Jumatano, 6 Septemba

Twyla kapata dume wake. Kaomba mara hii kofia aishike baba yake. Mjomba hakuuliza sababu, wala Twyla hakuitoa. Shangazi kakaanga maini na vitunguu. Nimekula sahani mbili, kwa uchungu.

Tandiko ni lake. Keshalipaka mafuta. Mimi na kuku tunabaki.

Mjomba kaniuliza kilichonishinda ni nini. Nimempa orodha: miiba, joto, jiwe lilikaa vibaya, soksi za sufu zinawasha. Katikisa kichwa kwa kila kimoja, kaendelea kutafuna.

Mwaka ujao nina mpango mzuri zaidi. Nitamwelekeza Twyla kulia wakati dume yuko kulia, mara kadhaa, hadi aniamini tena. Halafu, siku yenyewe, kushoto!

Lakini hapa, penye mimi na kalamu tu, niseme. Miiba si kitu. Jiwe si kitu. Kilichoharibika hasa ni kimoja: Twyla alipandisha kofia kwa ukweli, bila hila, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.