Liwa Kwenye Vali za Kompresa Namba Mbili

Jumatano, 18 Oktoba

Bosi Rangasamy katoa tamko leo mbele ya kiwanda kizima. Mkuu wa chumba cha kompresa anastaafu. Nafasi yake ataipata mmoja wetu: mimi, Marudhachalam, mwenye miaka kumi na tisa humo ndani, au Sivagami, mwenye miaka mitatu na cheti. Yeye kapewa kompresa namba moja, mimi namba mbili. Tutengeneze vali kabla ya Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki zana, mashine zipumzike siku hiyo, na Jumanne asubuhi ziwashwe pamoja. Itakayojaza tangi lake hewa kwanza, fundi wake ndiye mkuu.

Cheo ni changu. Nikamwambia Sivagami asihuzunike sana. Akasema sawa kaka, atajitahidi.

Nyumbani, mke wangu Valliammal hakushangilia. Kasema baba yake kachoka kusubiri. Nisipopata cheo safari hii, niache kiwanda niende Pollachi kumsagia unga wa idli, vile vikate vya mvuke, dukani kwake, chini ya macho yake, kila siku ya Mungu. Baba mkwe huniita Bwana Upepo. Siendi Pollachi. Heri nile vali.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimefungua vali. Kitu cha ajabu, vali ya kompresa: haina wa kuifungua. Hewa yenyewe husukuma kisahani chembamba cha chuma, springi inakirudisha. Pistoni ikishuka, vali ya kuvuta hewa inafunguka. Ikipanda, hiyo inajifunga na ya kutolea inafunguka. Mamia ya mara kwa dakika, tak-tak-tak, mwaka mzima.

Nikawaza: springi ngumu zaidi, hewa yenye nguvu zaidi. Mbona hakuna aliyewahi kufikiria hili? Nikatafuta springi nene kwenye vipuri vya mashine za kufuma, nikazifunga, nikawasha.

Ikagonga kama seremala mwenye hasira. Sivagami akaja, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha vali ya kuvuta, akakiondoa haraka. Akasema, "Kaka Marudhu, hapa panatakiwa pawe baridi. Panachoma. Hewa ya moto inarudi nyuma." Nikamjibu najua, nilikuwa najaribu kitu. Nilipofungua, kisahani kimoja kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Nimerudisha springi za zamani na kuweka kisahani kipya. Hakuna aliyeona, isipokuwa Sivagami, na wafumaji kumi na wawili.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimempeleleza. Anakwangua masizi ya mafuta kwenye vali kwa kijiti cha mbao. Halafu anaweka visahani juu ya kioo chenye dawa ya kusagia, anavizungusha taratibu mpaka ving'ae. Kisha anamimina mafuta ya taa juu ya vali, anakaa kuitazama kama inavuja. Robo saa nzima! Mtu mzima na cheti chake.

Nikaenda kumwambia bosi kwamba Sivagami anachezea mafuta ya taa. Bosi akauliza vali zangu zinavuja au hazivuji. Nikasema zangu hazina tabia hiyo. Akaja mwenyewe, akamimina. Zilivuja zote. Akanikabidhi kopo tupu, akaondoka, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimemeza aibu, nikaomba ile dawa ya kusagia. Sivagami kanipa kopo zima na kioo chake. Kanionyesha jinsi ya kuzungusha mkono bila kukandamiza. Nimesaga tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka. Nikamimina mafuta ya taa. Hakikudondoka hata kitone.

Sasa namba mbili ni nzima kabisa. Niseme ukweli, nilifurahi hadi nikaipapasa. Ila kuna tatizo: na yake ni nzima kabisa.

Jumatatu, 23 Oktoba. Ayudha Puja

Nimepata dawa ya tatizo. Leo mashine zote huoshwa, huvishwa maua na kupakwa liwa ya msandali, halafu zana zote hulazwa mbele ya picha ya mungu wetu Saraswati, na haziguswi mpaka kesho. Lakini kila mtu hupaka nje, kwenye chuma kisichofanya kazi yoyote! Kazi inafanywa na vali. Baraka inabaki mlangoni.

Nikawahi kabla ya zana kulazwa. Nikafungua vifuniko, nikapaka kila kisahani liwa nzito, juu na chini, na doa la unga mwekundu katikati. Sikuwa bahili. Nikafunga, nikaenda kulaza spana yangu mbele ya mungu.

Tulipokuwa tukila bisi za mchele nikamuuliza Sivagami, kwa huruma, kama kapaka nje tu. Akasema, "Sasa kaka, nipake wapi kwingine?" Nikatabasamu. Mchana nilijikuna paji la uso, nilipojipaka pia, nikakuta liwa imekauka kama plasta, hata ukucha hauingii. Nikazidi kufurahi. Baraka imeshika.

Jumanne, 24 Oktoba

Baba mkwe kaja kutoka Pollachi kushuhudia. Bosi akawasha zote mbili.

Ya Sivagami: tak-tak-tak. Yangu: kimya. Mota inanguruma kidogo tu, basi. Nikamwambia baba mkwe asikilize, hiyo ndiyo mashine isiyo na ugonjwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Miaka kumi na minne ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza.

Geji ya Sivagami ikapanda mbili, nne, sita. Yangu ikabaki sifuri. Nikaigonga, nikasema geji imekufa. Sivagami akaweka kiganja kwenye vifuniko, kimoja kimoja. Vyote baridi. "Kaka," akasema polepole, "vali hazifunguki hata moja."

Wakafungua. Visahani vyote vilikuwa vimegandia pale vinapokalia. Bosi akakwangua kwa ukucha, akanusa. Akauliza nani kaweka liwa ndani ya vali. Watu wote wakatazama paji langu la uso, liwa ya jana bado imeshika. Baba mkwe akauliza kiuno changu ni saizi gani, aninunulie aproni.

Nililia. Siwezi kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Kisha Sivagami, mkuu mpya, akamwambia bosi anataka msaidizi, na anamtaka huyu huyu, kwa sababu ana mkono mzuri wa kusaga visahani. Bosi akakubali mwezi mmoja. Vali moja zaidi ikiharibika mikononi mwangu, Pollachi. Baba mkwe kasema atasubiri kwa binti yake siku chache, hana haraka.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimetafakari usiku kucha na nimeelewa kwa nini nilishindwa. Kompresa ya Sivagami ilipiga kelele, yangu ilikaa kimya. Bosi ni mtu wa kupenda kelele. Cheti hakihusiki kabisa.

Leo Sivagami, baada ya kuosha liwa yote, kaniachia nikaze bolti za vifuniko vya vali za namba mbili. Kila moja nimeiacha legelege nusu mzunguko. Mashine nimeiwasha sasa hivi. Kishindo chake kinasikika hadi getini, na hewa inapiga mluzi pande zote.

Namwona bosi kupitia dirisha, anakuja mbio. Miaka kumi na tisa hajawahi kunijia mbio. Ngoja nichane nywele.