Viini Vinne vya Mama Plastiki

Sharubati hakuwa mwizi. Mwizi huamka alfajiri, hupanda kuta na kukimbizwa na mbwa, na yeye alikuwa mtu wa kulala mpaka jua limfuate kitandani. Alikuwa mjanja tu wa mjini, mwenye maneno matamu kama jina lake, na asubuhi hiyo alisimama dirishani pa duka la Mama Plastiki akiikodolea macho kompyuta ya mezani kana kwamba ameona mchumba.

Mama Plastiki alikuwa akichapa barua za watu, akitengeneza stika na kufunika vyeti kwa plastiki. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, lakini ubavuni ilibandikwa stika ya kung'aa: prosesa, ule ubongo wa mashine, ya viini vinne, kasi mbili nukta nne. Na mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, mtaa wa pili, alishamwahidi Sharubati: "Niletee mashine ya viini vinne, hata kama ni ya zamani, nikufanye meneja."

Meneja! Kiti cha kuzunguka! Mke wake angeacha kucheka kila akisikia neno kazi.

Sharubati naye alikuwa na kompyuta yake ya zamani, ya viini viwili tu, ila kasi yake ilisomeka tatu nukta nne. Alipoziweka hizo namba pamoja kichwani, uongo ukajitunga wenyewe.

"Shikamoo mama. Naona mashine inakutesa."

"Marahaba mwanangu. Inanitesa haswa. Nabonyeza herufi leo, inatokea kesho."

"Tatizo ni hivyo viini. Vinne kwa mpigo ni madereva wanne kwenye usukani mmoja, mtafika wapi? Yangu ina viwili tu, lakini vina mbio. Wewe kazi yako ni barua moja moja. Unataka mmoja mwenye mbio, umati wa nini?"

Tuheshimu hotuba hiyo, maana Sharubati aliamini kwa moyo wake wote kwamba kila neno lilikuwa uongo.

"Basi ilete tuzishindanishe," Mama Plastiki akasema, akifuta miwani.

Sharubati akaileta, pamoja na skrini pana ya mama mkwe wake, aliyoiazima kwa kisingizio cha kwenda kuipangusa. Mama mkwe huyo ndiye mwenye nyumba. Jioni akikosa tamthilia yake, Sharubati na mkewe wangetafuta chumba kwingine, na mke alikwisha kusema kwamba yeye atabaki.

Wakafungua faili moja kwenye mashine zote mbili: majina ya wanafunzi wa shule nzima, pamoja na picha zao. Ya Sharubati ikafunguka kabla Mama Plastiki hajavaa miwani vizuri. Ya Mama Plastiki ikazungusha kile kiduara, ikazungusha, mpaka mteja mmoja kwenye foleni akaanza kusinzia. Sharubati alishinda mno. Mtu mwenye furaha iliyozidi kiasi hajiulizi kwa nini.

"Umenishinda," Mama Plastiki akakiri. "Tubadilishane. Ila skrini yako ibaki hapa, yangu imejaa mistari."

Sharubati akaitazama skrini ya mama mkwe. Lakini meneja hashindwi kununua skrini nyingine, akajiambia, wakapeana mikono.

Kule ukumbini, mwenye ukumbi aliiwasha ile mashine, akasoma, akasoma tena.

"Viini vinne viko wapi?"

"Stika inasema..."

"Stika inasema vinne. Mashine inasema kimoja." Akaibandua stika kwa ukucha. Gundi ilikuwa bado mbichi. "Una kiini kimoja hapa, ndugu yangu. Vilivyobaki ni kiinimacho."

Sharubati akarudi mbio, mashine begani, roho mkononi. Mama Plastiki alikuwa akichapa, na herufi zilimwahi vidole.

"Mama, umenidanganya!"

"Mimi? Niliwahi kukutajia viini?"

Sharubati akafikiri. Kweli, maneno yote aliyasema yeye.

"Na stika?"

"Natengeneza stika, si imeandikwa mlangoni? Nilijua mjanja mmoja atapita. Lakini hongera, ulinieleza vizuri. Kwa barua moja moja, mbio zinashinda umati. Kweli tupu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna," Sharubati akasema kwa huzuni. "Nilidhani nadanganya."

Ndipo ujanja ukamwishia. Akaeleza habari ya mama mkwe, chumba chao cha uani na tamthilia, na sauti ikamtetemeka kweli. Mama Plastiki akacheka mpaka akashika meza.

"Kompyuta ndiyo imeenda. Ila simama hapo mlangoni uniitie wateja, jioni utaondoka na skrini yako."

Akasimama juani, akaita kwa ile sauti yake ya asali, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi. "Barua yako tayari kabla hujakaa! Ingia ujionee!" Watu wakaingia, wakajionea. Foleni ikakunja kona. Jua lilipoanza kulegea, Mama Plastiki alikuwa tayari anaizungushia skrini kamba ya kubebea.

Mteja mmoja, bonge la mtu, akatoka na barua yake mkononi, akaangaza huku na huku.

"Yuko wapi yule aliyeniambia mashine hii ni nzuri?"

Alitaka kumshukuru. Lakini Sharubati, katika maisha yake yote, alijua sababu moja tu ya mteja kumtafuta. Alikuwa ameshafika mtaa wa tatu, viatu mkononi, alipokumbuka skrini.