Magoti ya Mwalimu Nicodemus na Upara wa Uwanja Wetu

Chuo cha Ualimu cha Kambi ya Chumvi,
Laini ya Wafanyakazi, Chumba cha 7,
Nakuru.
Jumatano, tarehe 13 Februari, 1957.

Kwa Bwana Miraji Ladan,
Katibu, Kamati ya Kombe la Bonde,
Nakuru.

Ndugu Katibu,

Nakusalimu kwa adabu, mimi Naftaly Odero, mkata majani na mpiga chokaa wa uwanja wa mpira wa chuo hiki. Unanijua kwa sura. Mimi ndiye yule mrefu aliyekuletea kiti siku ya mechi ya kwanza, ukakikalia, mguu wake mmoja ukazama. Sikufanya kusudi. Nimesoma mpaka darasa la tatu, tena la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wengi. Ukiona kosa katika barua hii, ujue ni la uchovu, maana naandika baada ya kazi.

Nakuandikia kumshtaki Mwalimu Nicodemus Wasike, anayefundisha hesabu hapa chuoni na kuiongoza timu yetu. Kosa lake ni kusali. Usishtuke. Sipingi sala. Mimi mwenyewe ni Mkristo, nimebatizwa, nina kadi. Nimekuchagua wewe Mwislamu kwa sababu kila Mkristo niliyemweleza jambo hili alinipa pole, kisha akasema ataniombea.

Mwalimu aliokoka mwaka juzi katika mkutano wa uamsho, na watu wa uamsho hawafichi kitu. Dhambi zao huziungama mbele ya watu, tena kwa sauti. Tangu siku hiyo, kila mechi kabla ya filimbi, huwaita wachezaji wote katikati ya uwanja, wakapiga magoti kwa duara, yeye akaomba. Wakifunga bao wanarudi pale. Wakifungwa wanarudi, tena hukaa zaidi. Mapumziko wanarudi. Mchezo ukiisha wanarudi kushukuru, hata tukiwa tumepigwa sita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Magoti yanaua majani. Majani ya hapa si ya kuchezewa. Upepo unakuja kutoka ziwani na vumbi la magadi, jua la Januari linamalizia, nami nayanywesha kwa debe kama ndama yatima. Ukiyakanyaga kwa kiatu yanainuka tena. Goti ni kitu kingine. Goti husaga. Leo katikati ya uwanja kuna upara wa hatua sita kila upande. Namalwa, yule mama anayeuza ndizi karibu na lango, aliniuliza mbele ya watu, "Mzee Odero, uwanja umeupeleka kwa kinyozi gani? Na mbona hakumaliza?" Wakacheka hata watoto wa Bwana Mkuu wa chuo.

Kicheko ningekivumilia. Lakini Bwana Mkuu, Mzungu wetu, mtu anayependa bustani kuliko chakula, aliutazama upara ule akaandika katika daftari lake kwamba Odero amezembea, na kwamba likizo yangu imezuiwa mpaka majani yaote. Ndugu Katibu, hapa soma polepole. Majani hayaoti bila mvua. Mvua ya Nakuru itakuja mwisho wa Machi. Kwetu Yala mbegu zinaingia ardhini sasa hivi. Na kwetu, tangu baba afe, mimi ndiye mkubwa wa boma. Nisipoweka mbegu ya kwanza, mke wangu Eucabeth hapandi, na ndugu zangu wawili hawawezi kunitangulia, ni mwiko. Boma zima limekaa na majembe, linangoja majani ya Nakuru. Mdogo wangu Zeddy ameniandikia: "Kaka, tupande, au tuje tule huo uwanja wako?"

Miezi ishirini sijafika nyumbani. Binti yangu Akoth alizaliwa nyuma yangu. Nasikia sasa anatembea, na kila mwanamume mwenye kofia anayepita njiani anamwita baba. Kofia ni nyingi, Ndugu Katibu.

2. Anatoa siri za timu. Tulipocheza na watu wa kiwanda cha magunia, aliomba hivi: "Bwana, kishike kifundo cha mguu wa kushoto wa Kipketer beki wetu, maana wewe wajua hawezi kugeukia upande ule." Mungu alikuwa anajua. Waliokuwa hawajui ni watu wa magunia. Walikuwa wamesimama karibu kwa heshima, wakasikiliza mpaka mwisho, wakasema Amina. Mabao yote manne yalipita upande ule.

3. Ugonjwa umeambukiza. Magunia nao sasa wanapiga magoti, tena kwenye majani mabichi karibu na goli la kaskazini, maana wanasema katikati pamekwisha. Wenye huruma ni Hilali peke yao, timu ya vijana Waislamu wa mjini. Nahodha wao Shariff na wenzake huinua mikono wakiwa wamesimama, wakaomba dua, wakajipangusa uso, wakamaliza. Hata nyayo zao sizioni. Nilimsifu, akaniambia, "Mzee wangu, magoti tunapiga msikitini. Kule kuna mkeka." Jambo hili la mkeka limeninyima raha. Dini yetu ina miaka mingi hivi, na hakuna aliyefikiria mkeka.

4. Idadi ya wachezaji. Sheria ya kombe lako inasema kumi na mmoja. Mwalimu wetu anatangaza waziwazi, naye ni mwalimu wa hesabu, kwamba Bwana anacheza pamoja nasi. Hao ni kumi na wawili. Kama ni kweli, timu yetu ifutwe. Kama si kweli, mwalimu asahihishwe. Na kama Bwana anacheza na magunia pia, waliomwomba vilevile, basi kuna mchezaji mmoja katika timu mbili, kosa ambalo mwaka jana mlimfungia Mburu miezi sita. Sisemi Bwana afungiwe. Nauliza tu kamati ina msimamo gani.

5. Tukishinda ni Mungu, tukishindwa ni uwanja. Jumamosi iliyopita alisema katika shukrani, "Tunakushukuru hata kwa lile shimo lililomwangusha mshambuliaji wetu." Wote wakageuka kunitazama. Shimo lile ni la goti lake la kulia. Nimelipima.

6. Maandiko yako upande wangu. Katika Mathayo tumeambiwa kwamba ukitaka kusali uingie chumbani mwako, ufunge mlango, usali kwa siri. Hakuna palipotajwa katikati ya uwanja. Chumba cha Mwalimu nakijua, mimi ndiye niliyekipaka chokaa. Kina mlango mzuri wa mbao ngumu, na komeo lake halina kasoro.

Kwa hiyo naiomba kamati iamuru kwamba kila kiongozi wa timu asali chumbani kwake, mlango umefungwa, na mjumbe mmoja asimame nje kuhakikisha hasikiki. Kama hawezi kujizuia mpaka arudi chumbani, basi aje uwanjani na kipande chake cha majani ndani ya karai, apige magoti hapo, kisha aondoke nacho. Karai likiwa dogo, wachezaji wasali kwa zamu. Kama hilo nalo ni gumu, basi mpira uhamie kanisani, ambako sakafu ni ya saruji, na ibada ije uwanjani. Nimewaangalia sana waumini wa Jumapili. Wengi hukaa tu, hawapigi magoti. Majani yatapumzika.

Usidhani namchukia Mwalimu. Hapa chuoni watu wengi huniambia "habari" huku wanakwenda. Yeye huuliza, kisha husimama kungoja jibu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya kumwambia yeye. Mtu mbaya ningekuwa nimeshamtukana zamani, mambo yakaisha.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na mwamuzi wenu mwenye miwani, na mkeo Mama Mastura, na majirani zako wa kulia na kushoto, hata yule mliyekosana. Nangoja amri yako nikiwa nimeshika debe.

Mimi mtumishi wako mwenye subira inayokaribia kwisha,
Naftaly Odero

NYONGEZA. Jumatatu, tarehe 18, stesheni ya Nakuru.

Ndugu Katibu, barua hii ilikuwa bado haijapata stempu, mambo yakageuka. Nilitaka kuichana, lakini sijapata kuandika barua ndefu namna hii maishani mwangu, mikono imekataa. Basi isome, kisha usiifuate.

Ijumaa Mwalimu alikuja kwenye kibanda cha vifaa, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Ndugu Odero, kuna kitu kati yetu?" Ndivyo wanavyoulizana watu wa uamsho wakiona mwenzao amenuna. Nikamwambia kipo, na kina hatua sita kila upande. Nikamweleza yote, ya mbegu, ya ndugu zangu, ya mtoto na kofia. Hakuniombea hata kidogo, akaenda zake. Nikasema moyoni, nimeharibu, huyu naye sasa ni adui.

Jumamosi tulicheza na Hilali. Bwana Mkuu alikuwapo pamoja na mke wake. Mwalimu akapiga magoti palepale kwenye upara, kofia zote zikavuliwa, akaanza: "Bwana, naungama mbele zako na mbele ya watu hawa. Majani haya nimeyaua mimi, kwa magoti yangu haya. Ndugu yangu Naftaly amenyimwa likizo kwa kosa langu. Nilimwona kila asubuhi akinywesha kwa debe, nikampita, nikasema Bwana asifiwe. Boma lake halina mbegu ardhini. Mwanawe hamjui. Nisamehe mimi, Bwana, na umlainishe moyo mwenye daftari."

Ndugu Katibu, nani anaweza kumkatiza mtu anayesali? Mwalimu Mwafrika akimwambia Bwana Mkuu maneno hayo ofisini, jioni yake anafunga mizigo. Lakini pale Bwana Mkuu alisimama na kofia kifuani, masikio yamekuwa mekundu, hana la kufanya ila kungoja mwisho. Na mwisho ulipofika uwanja wote ukasema Amina, Hilali wakasema Amin, na Bwana Mkuu kwa mazoea yake ya miaka mingi akasema Amina pia, tena kwa sauti kuliko wote. Mke wake akamgeukia akamtazama. Bwana Mkuu akatoa kalamu mfukoni palepale.

Tulifungwa tatu bila. Nimepewa wiki tatu.

Mwalimu angesali chumbani, mlango umefungwa, kama nilivyotaka mimi na Mathayo, Mungu peke yake angesikia, na Mungu siye anayetoa likizo hapa chuoni. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la sita. Mtu yeyote asimguse Mwalimu. Asali katikati ya uwanja, asali kwa sauti, na magoti yakitaka kufika mpaka golini yafike.

Treni naisikia, namaliza. Nina ombi moja dogo kuhusu ratiba. Likizo yangu inakwisha Jumatatu tarehe 11 Machi, na mimi nakusudia kurudi Alhamisi. Tafadhali tuwekee mechi ya nyumbani Jumatano, Mwalimu apate pa kuniombea, na umwalike Bwana Mkuu.