Kuhusu Kichwa cha Mbuzi, Parachichi na Cherehani Iliyofungiwa Stoo

Kwa Mama Caroline,
Mwenyekiti wa Kikundi chetu cha Ushonaji,
Githongo.

Mama yangu mheshimiwa,

Tangu Kinoru mpaka Siakago hakuna fundi anayenifikia, na hapo nimejishusha kwa sababu ya adabu. Shule niliacha kidato cha pili, walimu wakiwa wameishiwa. Cherehani ikisikia hatua zangu inaanza kujizungusha yenyewe. Kwa hivyo nilishangaa sana Jumanne ulipoifungia stoo, ukatia ufunguo kifuani na kutangaza kwamba kitandiko nilichoshona hakiendi kwa harusi ya Caroline Jumamosi. Bila hiyo cherehani mimi ni kijana tu wa kusimama sokoni. Hata Kathambi, yule msichana aliyekuwa akiniita Fundi, sasa ananiita Murithi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinipa shuka jeupe kutoka sandukuni mwako, ukaniagiza nikate picha za vitambaa, nizibandike juu yake, halafu nizizungushie mshono wa zigizaga kwa mashine. Kikundi kilitaka kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Nikawaletea kichwa cha mbuzi, parachichi, jani la kahawa, jembe, Mlima Kenya, ulimi wa ng'ombe na pua ya Mzee Mutembei. Ni nani amewahi kuona ulimi wa ng'ombe kwa kitanda cha bibi harusi? Hakuna. Sasa kosa liko wapi?

2. Mafundi wengine ni waridi, njiwa na mioyo miwili, kila harusi. Mama, tangu nizaliwe sijakutana na njiwa mweupe hapa kwetu, lakini mbuzi wamenilia mashati mawili kwa kamba ya kuanikia. Mawazo yangu niliyatafuta kwa miguu. Nilisimama mbele ya ng'ombe wa Mzee Mutembei mpaka akanitolea ulimi. Pua ya mwenyewe niliipata hapo hapo, bila kuomba.

3. Dada yako Nelius alisema mbele ya watu kwamba picha zote saba ni saizi moja, zote zina ncha mbele na upana nyuma, eti mbuzi na parachichi wametoka tumbo moja. Huo unaitwa mtindo! Nelius mwenyewe anaimba wimbo mmoja kanisani kila Jumapili na hakuna aliyemfungia stoo.

4. Eti picha zimetawanyika ovyo, mbili zimepandana na jembe liko pembeni kama limefukuzwa. Nyota pia ziko hivyo, na sijasikia kamati ya harusi ikimwandikia Mungu.

5. Kwa kuwa sanaa imetukanwa, naomba cherehani irudi leo. Pia jina langu lisomwe kwa kipaza sauti kabla ya keki, mara mbili, kwa sababu wazee watakuwa wanaongea. Kitandiko kitundikwe ukutani, Caroline na bwana yake walale na blanketi la kawaida kama watu wengine. Tena kisigeuzwe kuangaliwa nyuma. Nyuma ni siri ya ufundi.

Nisalimie Caroline, nisalimie bwana harusi Mugendi, kina mama wote wa kikundi, na Nelius kidogo. Ng'ombe nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi, mtiifu wako, niliyeketi nje ya mlango wa stoo,
Fundi Murithi.

Nyongeza: Mama, hapa usiwasomee wengine. Nilipiga shuka pasi ya makaa kabla ya kuanza, likanyooka vizuri mno, nikakimbia nje kumwita Kathambi aje aone. Pasi nikaiacha palepale juu yake. Tuliporudi kulikuwa na alama nyeusi, ncha mbele, upana nyuma. Nikaifunika na mbuzi. Mbuzi akapendeza sana; nikampitishia pasi kando kando, nikatoka tena kuita watu. Ndivyo tulivyofika saba. Ng'ombe hakunitolea ulimi wowote. Najua shuka hilo ndilo ulilotandikiwa siku ya harusi yako, na hilo ndilo linaloniuma, cherehani ni maringo tu. Ufunguo kaa nao. Lakini siku mkikifua kitandiko, tafadhali mama, msimvute mbuzi. Chini yake hakuna shuka.