Abiria Aje na Kiti Chake

Inatangazwa kwa fahari kwamba Idara ya Fidia kwa Abiria Walioumia imekomesha udanganyifu. Zamani mtu alikuja na mguu uliovunjika, akadai kauvunjia garini, nasi tukamwamini kama watoto. Sasa kanuni yasema: abiria aje na kiti alichokuwa amekalia ajali ilipotokea. Mguu unaweza kudanganya, kiti hakiwezi.

Mimi ni Karani wa Vielelezo, na kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Mkurugenzi aliitia sahihi bila kuisoma, ishara ya kiongozi anayewaamini watu wake. Ukumbi wa kusubiria ulijaa viti vya magari, kila mdai akakalia chake, nasi tukafuta oda ya mabenchi.

Kiti namba mia mbili na saba kililetwa na mama mmoja fundi cherehani. Teksi aliyopanda iligongwa ubavuni, mguu wake wa kulia ukavunjika, ukaunga vibaya. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Alitaka fidia anunue ya umeme, maana miezi minne alikuwa hajashona nguo, na wateja walishaanza kuja kuchukua vitambaa vyao.

"Kiti kina damu," nilimwambia.

"Ni yangu hiyo, mwanangu."

"Kielelezo kiwe safi, Mama. Na kiwe na namba isiyofutika."

Wengine huandika kwa chaki. Yeye alirudi baada ya wiki, mkwewe kakibeba kiti kichwani, kimevishwa kitambaa cha kijani kilichoshonwa kwa mkono, mishono imenyooka, na chini yake namba kwa uzi mwekundu. Nakiri kilinivutia. Mkurugenzi kilimvutia zaidi. Yeye hukaa mbele garini, maana akikaa nyuma hutapika, na kiti chake kilikuwa kimebonyea. Tukauza kile cha zamani kwa mtu wa vyuma chakavu, na kielelezo kikahamishiwa gari la Idara kwa matumizi ya muda.

Kuanzia hapo faili la fundi likakwama, kwa haki kabisa.

"Kielelezo hakionekani," nilimweleza kila Jumatatu.

"Si kile, bosi wenu kapita nacho sasa hivi, kakikalia?"

"Umekiona wewe, Mama. Ofisi haijakiona."

"Sasa mimi nitakula nini?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Nikamwambia subira yavuta heri.

"Kwenu imevuta kiti," akasema. "Mimi navuta mguu."

Akaondoka akichechemea. Siku hiyo chai yangu sikuimaliza, na sababu sikuiandika popote.

Wiki iliyofuata dereva wa Idara aligonga bango letu la langoni, lile lililoandikwa ABIRIA NI MFALME. Goti la Mkurugenzi likateguka. Jumatatu akaingia ukumbini kwa magongo, dereva nyuma yake na kiti.

"Karani, nishughulikie haraka."

"Bila shaka, bosi. Tukipindue kwanza."

Tukakipindua. Uzi mwekundu ulikuwa haujafifia hata kidogo. Fundi cherehani akasogea mbele.

"Kielelezo kimeonekana," nikatangaza. "Ni cha huyu mama."

"Una wazimu? Aliyeumia hapo ni mimi."

"Inawezekana, bosi. Lakini dai la pili halifunguliwi juu ya kiti kabla ya la kwanza kufungwa. Sahihi yako hii hapa."

Akaisoma kanuni, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Basi lifunge la kwanza. Kalamu iko wapi?"

Akaidhinisha fidia ya fundi akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nikaandika hundi, naye akaisaini hapo hapo. Sijawahi kuona Idara ikifanya kazi kwa kasi ile. Mama akaikunja hundi, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Mwanangu, faili likishafungwa, kielelezo huenda wapi?"

"Hurudi kwa mwenyewe, Mama."

Akamwita mkwewe. "Beba, twende."

Mkurugenzi akatazama ukumbi akitafuta pa kukaa. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa amekikalia. Fundi akasimama mlangoni, akamgeukia.

"Pole, baba," akasema kwa upole. "Subira yavuta heri."

Nami nikafungua faili jipya, nikaandika jina la Mkurugenzi juu, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri: Kielelezo hakionekani.