Kitindamlo Kilichomwagiliwa Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa. Mama mkwe anaacha kushona. Anasema macho yamechoka, na siku hizi uzi lazima aubembeleze ndipo uingie kwenye sindano. Kile chumba chake cha barabarani, chenye mlango wa kioo na jua la asubuhi, atampa mmoja wa wakwe zake. Atatangaza Jumapili, hapa kwetu, baada ya chakula cha mchana.

Nakitaka. Miaka kumi na moja nasimamia kiwanja cha kufyatua matofali ya saruji, kiwanja cha mtu mwingine. Chumba kile kingekuwa ofisi yangu. Meza. Kiti cha kuzunguka. Dirishani tofali moja la mfano, juu ya kitambaa cheupe.

Kikwazo: mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Fundi friji. Sauti laini, na hajawahi kufika kwa mama mkwe mikono mitupu. Mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "yule bwana".

Mkakati: mama mkwe hupenda kitu kitamu baada ya mlo. Nitampikia mwenyewe, kwa mikono yangu. Mkwe mwanamume, jikoni, na aproni. Fundi friji atajibu nini hapo?

Nimemweleza mke wangu. Ameniuliza kama najua sukari inakaa wapi. Nimemjibu kwamba msimamizi hana haja ya kujua vifaa vinakaa wapi, kazi yake ni kujua vimeisha lini. Ameendelea kukunja nguo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata maelekezo kwa jirani yetu muuguzi, alipokuwa akianua nguo. Anasema kitindamlo rahisi kuliko vyote ni matunda ya kuoka yenye chenga juu. Unakatakata matunda, unayatia sukari, unayatandaza kwenye bakuli la oveni. Kisha unachukua unga, sukari na siagi, unavifikicha kwa ncha za vidole mpaka viwe kama mchanga. Unamwaga juu ya matunda. Unaoka mpaka rangi ya dhahabu. Basi.

Kama mchanga! Nilicheka peke yangu mpaka mlangoni. Mwanyumba anajua nini kuhusu mchanga?

Muuguzi alinifuata kwa sauti kwamba nisiushindilie, niumwage tu ukae ovyoovyo. Nimemshukuru. Sijakubali wala kukataa. Neno "ovyoovyo" kwenye maelekezo ya kazi halijawahi kunipendeza.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza. Nanasi na tufaha. Nimefuata maelekezo neno kwa neno. Nyumba nzima ilinukia. Mke wangu alikula, akaongeza, akakwangua bakuli kwa kijiko kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Akasema, "Baba watoto, leo umenishangaza." Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimshangaza akiwa anatabasamu.

Lakini yeye alikuwa akiangalia bakuli. Mimi nilikuwa nikiangalia meza. Chenga kila mahali. Nilibonyeza kile kifuniko kwa kidole. Kidole kikazama.

Sikuweza kula. Kule kiwanjani, tofali linalomomonyoka hivyo halifiki hata kwenye gari. Natia alama ya chaki nyekundu, linavunjwa, na aliyelifyatua anaitwa. Nimemwambia mke wangu kwamba kazi hii ina kasoro. Amesema ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nimemweleza kwamba hayo ndiyo maneno ya kila kibarua aliyebania saruji.

Alhamisi, 7 Agosti

Upelelezi. Baada ya kazi nilipitia kwa mwanyumba, kwenye karakana yake ya mbele ya nyumba. Alikuwa kalala chini ya friji, miguu tu ndiyo inaonekana. Hata miguu yake ni ya upole.

Nikamuuliza kwa ujanja, kana kwamba sijali, Jumapili atakuja na nini. Akasema atakuja na tumbo. Nikamuuliza kuhusu chumba. Akatoka mvunguni, akajifuta mikono, akasema, "Mwanyumba, mimi karakana ninayo hapa mlangoni kwangu. Kile cha nini? Nimeshamwambia mama akupe wewe."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Mtu anayekitaka kitu kiasi hiki ni hatari.

Ndani ya friji moja nikaliona kopo la aiskrimu. Kumbe! Ndiyo silaha yake. Nilisubiri aende kupokea simu, nikalifungua. Skrubu. Maana yake ile aiskrimu yenyewe kaificha kwingine. Aliporudi alinikuta kichwa kiko ndani ya friji, akaniuliza kama najisikia joto. Nikasema ndiyo. Akanipa maji baridi na kiti. Mnafiki wa kiwango cha juu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya ujenzi.

Unga nimeongeza mara mbili. Siagi nimepunguza, maana ndiyo inayolegeza. Mayai nimeweka ili kushikanisha. Nimetandaza juu ya nanasi, kwenye bakuli la pembe nne, nimesawazisha kwa rula, kisha nimeshindilia kwa kitako cha chupa kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili hewa isibaki. Pembe zote nne zimekaa sawa. Nilikichungulia kwenye oveni kama baba anayesubiri mtoto azaliwe.

Kimetoka imara. Nimekigonga kwa kifundo cha kidole: kimelia vizuri, sauti moja kutoka pembe hadi pembe. Hakuna chenga hata moja. Muuguzi angeona aibu.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo hakuna mpishi angelikumbuka, na ndilo litakalonipa ushindi. Kitu chochote kilichofyatuliwa kikiachwa kikauke haraka, kinapasuka. Lazima kimwagiliwe maji, kifunikwe, kiive polepole. Basi nimekinyunyizia maji kwa mkono, nikakifunika kwa taulo safi lililoloweshwa. Jioni nikakinyunyizia tena.

Mke wangu amepita jikoni, akaliangalia lile taulo, akaniuliza kwa upole chakula kina homa tangu lini. Nikamwambia kesho atanielewa. Akasema, "Mume wangu, ile ya Jumatano ilikuwa nzuri. Ipike tena ile ile, nakuomba." Namhurumia. Anapenda vitu vya kawaida.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika yote, bila kuficha.

Mama mkwe alifika amevaa gauni la rangi ya maziwa, la mwisho kulishona kwa mkono wake. Mwanyumba alifika na mkewe na tumbo, kama alivyoahidi. Hakuna aiskrimu. Nilipekua mpaka mfuko wa mkewe kwa macho.

Chakula kikaliwa. Nikatoka jikoni na aproni, nikaweka kitindamlo mbele ya mama mkwe, nikatoa hotuba fupi kuhusu uimara. Mama mkwe akachukua kijiko. Kijiko kikateleza. Akajaribu pembeni. Kikapinda. Akanitazama, akakitazama, akasema, "Mkwe wangu, mlango wake uko wapi?"

Dada yake mke wangu akainamia sahani, mabega yanamruka. Mwanyumba akasema kwa ile sauti yake kwamba pengine kisu kingesaidia. Kisu hakikusaidia. Nikasema hiyo ndiyo dalili ya ubora. Nikaleta nyundo ndogo kutoka kwenye boksi la vifaa.

Pigo la kwanza halikuacha hata alama, na nakiri nilijisikia fahari. La pili likakipasua katikati, na nanasi lililokuwa limefungiwa mle ndani likatoka lote kwa pamoja. Gauni la rangi ya maziwa likalipokea.

Mama mkwe akajifuta kidevu.

Hapo mke wangu akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli dogo. Kumbe asubuhi, mimi nikioga, alioka lake kwa maelekezo yale yale ya muuguzi. Akaliweka mezani, akasema, bila hata kunitazama, "Na hiki pia ni cha kwake, mama. Hiki ndicho chenyewe."

Mama mkwe akaonja. Uso ukafunguka. Akala kijiko cha pili, cha tatu. Akasema siku zote alikuwa akiniona kama mtu wa zege, kumbe nina mkono huu. Akaniita "mwanangu". Kwa mara ya kwanza. Akafungua pochi yake, akatoa ufunguo wa chumba, akaushika hewani kuelekea kwangu.

Lakini nililiona lile bakuli. Chenga zinaanguka. Chenga mezani, chenga kwenye kidole cha mama mkwe, moja kwenye ufunguo wenyewe. Na jina langu liko juu ya kazi ile.

Nikasimama. Nikasema hapana, mama, kwa heshima zote, kazi ile si yangu. Ina kasoro. Haikushindiliwa, haikumwagiliwa maji, na mimi siwezi kuitia saini. Yangu ni ile iliyohitaji nyundo.

Mke wangu akafumba macho. Mwanyumba akasema polepole, "Mwanyumba, kaa tu."

Mama mkwe akauliza basi kazi hii ni ya nani. Wote wakamtazama mke wangu. Mama mkwe akasema alikuwa amekuja kunipa mimi chumba, kwa kuwa mwenzangu alishakikataa. Akageuza mkono, ufunguo ukatua kiganjani kwa mke wangu. Akamwambia, "Mwanangu, kauze hiki pale. Watu wa asubuhi wanapita na njaa."

Mimi akaniita yule bwana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala vizuri. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona lilikoenda mrama: nyundo ilikuwa ndogo mno.

Mke wangu ameanza kupanga. Atauza matunda ya kuoka, na asubuhi mikate. Amenipa sharti moja, nisiguse unga mahali pale maisha yangu yote. Nimelipokea. Asiyegusa kazi kwa mikono yake, na bado yupo pale kila siku akiitazama, anaitwa nani kama si msimamizi? Kanipa cheo bila yeye mwenyewe kujua.

Nimeanza majukumu yangu leo hii. Nimenunua mkate dukani, nikaukata katikati kuuchunguza. Nimeshtuka. Ndani umejaa matundu. Matundu matupu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wanaula kila siku bila malalamiko.

Jumamosi mke wangu anaoka mikate yake ya kwanza. Sitagusa unga, nimeahidi. Nimeazima tu kiwanjani ile mashine ya kushindilia.